Mdogo wangu wa kiume kachaguliwa uuguzi na ukunga, mzee hataki. Naombeni mawazo

DadaWaNjombe:
Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu kamaliza form four, aliomba utabibu na uuguzi, kachaguliwa diploma ya uuguzi na ukunga, miaka mitatu. Mwenyewe karidhika kabisa, bibi yetu alivyopooza yeye ndo alikuwa anamgeuza, anamwogesha, anamlisha mpaka bibi anatutoka, kwaiyo moyo anao. Shida mzee, anasema hatoi ada mtoto wa kiume akawe nesi akashike wanawake wanaojifungua, bora akae nyumbani arudie mtihani. Mimi ndo ntachangia ada. Wanaume mlioko kwenye hii kazi, kiukweli faida na hasara zake ni zipi? Na hilo la leba likoje?

Patroni_wa_Wilaya:
Dada hongera kwa kumsimamia. Mimi ni muuguzi mwanaume, nilianzia zahanati ya kijijini sasa niko hospitali ya wilaya. Nianze na leba maana ndo mzee anapogombea. Kwetu Tanzania huwezi kusoma uuguzi ukaikwepa, kozi ni moja, lazima uzalishe chini ya usimamizi na kitabu chako kisainiwe, ndo ufikirie mtihani na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Alafu ukipangiwa zahanati mko watumishi wawili watatu, mama akiletwa saa nane usiku hamna cha kusubiri sista aje. Kuna bibi aligoma nisimguse mkwewe, nikamwambia mama ingia na wewe, simama hapa kichwani kwake uone kila ninachofanya, na mgonjwa mwenyewe akakubali. Mtoto akatoka salama, kondo likatoka lote, ila mfuko wa uzazi ukalegea damu haikatiki, nikamchoma oksitosini, sindano ya kuukaza, nikasugua tumbo mpaka mfuko ukajikaza. Yule bibi ndo alikuwa ananishikia taa. Mpaka leo utaratibu wangu ni huo huo, namwomba mama ruhusa, pazia linafungwa, lazima awepo mwanamke pembeni, namweleza kabla sijamgusa, na akinikataa na sista yupo namwachia sista bila kununa. Hii inamlinda yeye na inanilinda mimi, maana mwanaume kwenye hii kazi tuhuma moja tu inatosha kukumaliza.

Faida zipo na ni kubwa. Nenda wodi ya wanaume uone wazee wa tezi dume, mkojo umeziba, tumbo limejaa, anakataa kuwekewa mpira wa mkojo na binti wa umri wa mjukuu wake, akiniona mimi anashusha pumzi. Vijana wenye magonjwa ya zinaa hivyo hivyo, wanafunguka. Kwenye kampeni za tohara kinga, ile ya kupunguza maambukizi ya VVU, huko kwenu Njombe, Iringa mpaka Tabora wauguzi ndo walifanya sehemu kubwa ya kazi. Hasara nyingine ni mgongo, yani kila mgonjwa wa kunyanyuliwa anaitwa mwanaume, mgonjwa akichachamaa anaitwa mwanaume, na zamu haina mtu wa kukusaidia.

MamaKurwa_na_Doto:
Mimi nilizalishwa na nesi wa kiume, mapacha, na kwa kweli alinihudumia kwa upole sana, kila hatua ananiambia, hakunifokea hata mara moja. Wengi tunasema wanaume leba wana huruma kuliko masista. Ila huku kwetu pwani mume wangu aliposikia alikuja juu wiki nzima hatuongei vizuri, kwaiyo huyo kijana ajue atakutana na waume pia sio akina mama tu. Na mwanamke akisema hataki aheshimiwe, sio kuambiwa "uchungu hauchagui".

SistaWodiSaba:
Mama Kurwa nimekuelewa, kumfokea mama leba ni kosa na halina utetezi. Lakini hilo la wanaume kuwa na huruma zaidi sikubaliani nalo, sista unayemkuta saa kumi alfajiri anaangalia akina mama wanne peke yake, na kaka akizalisha mmoja anasifiwa mtaa mzima. Niseme ukweli mwingine ambao kaka hapo juu kaupita, wanaume wakiingia huku wanapanda haraka, mara incharge yani mkuu wa wodi, mara thieta kwenye upasuaji, mara kozi ya kutoa dawa ya usingizi, sisi tunabaki na vitanda. Wagonjwa wanamwita dokta siku ya kwanza, mwenye uzoefu kasimama pembeni haulizwi kitu. Mdogo wako awe anawasahihisha hapo hapo, aseme mimi ni muuguzi.

Mshahara serikalini ni ngazi zile zile za TGHS, za watumishi wa afya, mwanaume mwanamke sawa. Na mzee wako ajue sio kazi ya kike hivyo anavyodhani, takwimu za WHO za 2019 zilionyesha Afrika wanaume ni kama asilimia 35 ya wauguzi, wakati duniani kwa ujumla ni kama asilimia 10.

DadaWaNjombe:
Asanteni sana jamani, nimejifunza mengi, sikujua kama leba ni lazima kwa wote. Je ajira? Na baadae anaweza kuendelea au ndo basi?

Patroni_wa_Wilaya:
Sista nimekubali ulichosema, ni kweli tunapendelewa na inawaumiza.

Dada, ajira sio kama zamani, ajiandae kujitolea au kuanza hospitali binafsi mshahara mdogo huku anasubiri za serikali, na akipangiwa mbali aende. Kuendelea anaendelea, digrii ya uuguzi ipo vyuo vikuu kama MUHAS, KCMC, Bugando, UDOM, baadae anaweza kubobea wagonjwa mahututi au afya ya akili. Ila asiingie kwa nia ya kuukimbia uuguzi akawe daktari, wa hivyo tunao na wagonjwa wanaumia. Kabla hamjalipa hakikisheni chuo kimesajiliwa NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, alafu muulize yeye mwenyewe, baba asiwepo, kama yuko tayari kuingia leba na kukataliwa na mama bila kukasirika. Akisema ndiyo mlipieni ada.