Mjadala: Kiongozi wa jiji mchapakazi tunampima kwa nini hapa Arusha?

Mdau wa Sakina (mleta mada)
Wakuu, salaam. AFCON ya 2027 hiyo inakuja, uwanja wa watu elfu thelathini unajengwa kule Olmoti, na sisi ndio wenyeji. Nauliza kwa nia njema: kiongozi wa jiji anayeleta matokeo ni mtu wa aina gani? Mimi nasema ni yule anayejua anakotaka kuupeleka mji na haogopi lawama. Kule Curitiba, Brazil, mwaka 1972 meya Jaime Lerner, msanifu majengo kwa taaluma, aliufungia magari mtaa mkuu wa maduka. Mafundi waliingia Ijumaa jioni, na wiki mpya ilipoanza watu walikuta mtaa wa watembea kwa miguu, maua yameshapandwa. Wenye maduka walikuja juu, halafu baadaye wao wenyewe wakaomba mitaa mingine ifanywe vivyo hivyo. Sisi tungekuwa bado tunateua kamati. Ila tuseme ukweli, hata tukiletewa malaika, watu wetu wa sokoni wamezoea uchafu. Wanakaa juu ya maganda na hawaoni shida.

Mama Sado
Mdau, nilikuwa nasoma vizuri hayo ya Brazil, nilipofika kwenye "wamezoea uchafu" nikaishia hapo. Nauza nyanya na vitunguu sokoni huu mwaka wa kumi na nne. Soko silitaji maana kesho narudi palepale. Nafika saa kumi na moja alfajiri, fuso zinashusha matenga. Unajua kazi yangu ya kwanza ni ipi? Si kupanga sado, yale makopo ya kupimia. Ni kuchukua ufagio wa chelewa na kusukuma maji meusi yatoke chini ya meza, kwa sababu kontena la taka liko hatua sita kutoka nilipo, limejaa tangu juzi, na linavuja. Nilinunua buti za mvua kwa ajili ya sokoni, si kwa ajili ya shamba. Na kila siku nalipa ushuru, nakatiwa risiti ya mashine. Risiti nazihifadhi kwenye kopo la Blue Band, limejaa, nimeanza la pili. Sasa niambie, nimezoea nini?

Fundi Viatu Ngarenaro
Mama amemaliza. Mdau, omba radhi tuendelee.

Kijana wa Pasua
Pole mama. Ila watu wa Arusha, siku moja shukeni Moshi mjifunze. Huku ukitupa ganda la muwa barabarani, mtu mzima asiyekujua anakuita urudi uliokote, mgambo hata hajatokea. Manispaa yetu imeongoza mashindano ya usafi ya taifa mara nyingi. Na mkiniuliza meya ni nani, wengi mtaani hawamjui hata kwa sura. Usafi ni tabia, hausubiri mkubwa mwenye kasi.

Chugga Damu
Nilijua tu! Uzi wowote wa Arusha lazima aje mtu wa Moshi na ufagio. Sensa ya 2022 nyinyi mlikuwa watu 221,733. Sisi 617,631, na mwaka 2012 tulikuwa 416,442. Yaani katika miaka kumi tumepokea karibu Moshi nzima, tukaipa vyumba Muriet, Olasiti na Sombetini, na bado mnataka tufagie kama uani kwa bibi? Kabla hujatufundisha, tuambie habari za stendi yenu ya Ngangamfumuni.

Kijana wa Pasua
Ngangamfumuni imekujaje hapa? Tunaongelea usafi, wewe unaleta stendi. Ujenzi umesuasua, hatukatai, na inatuuma sisi kuliko nyinyi, maana abiria wanaonyeshewa mvua ni mama zetu. Lakini hilo linathibitisha nilichosema: palipohitaji fedha za juu tumekwama, palipohitaji mikono yetu tumeweza.

Chugga Damu
Mmeweza kwa sababu mji ni mdogo. Na hadhi ya jiji mnaitamani miaka yote, mipaka inawashinda.

Kijana wa Pasua
Bora manispaa safi kuliko jiji linalonuka Mto Naura. Geneva ya Afrika! Jina hilo Rais Clinton wa Marekani alilisema mwaka 2000, mnalo mpaka leo, na mto unapita katikati ya mji mnautupia pampasi.

Mstaafu wa Levolosi
Vijana, punguzeni. Nimefanya kazi serikali za mitaa miaka 31, naomba niweke jambo moja mezani, maana naona mnamtafuta kiongozi ambaye sheria haikumtengeneza.

Meya wetu hapigiwi kura na mimi wala wewe. Madiwani wanamchagua miongoni mwao, na naibu wake wanamchagua upya kila mwaka. Mkurugenzi wa jiji, ambaye ndiye ameshika watumishi na hundi, anateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa vilevile. Barabara za mitaa zilitoka halmashauri zikaenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Maji yana mamlaka yake. Kodi ya majengo TRA, mamlaka ya mapato, waliichukua, na tangu 2021 unakatwa ukinunua umeme wa LUKU. Sasa hesabu kilichobaki kwa meya: joho, mkufu, kuongoza kikao, na taka. Taka ndizo alizoachiwa, na hata hizo gari la kuzibebea lazima fungu lipite kwa mkurugenzi.

Na huyo Lerner, Mdau, mwaka 1971 hakuchaguliwa na wana-Curitiba. Aliteuliwa wakati wa utawala wa kijeshi. Kasi yake ilikuwa na mgongo nyuma yake. Mfano wako una mafunzo, lakini uutoe wote.

Boda wa Kijenge
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote: miaka 31 ulikuwa humo ndani. Haya yote uliyasema lini? Mbona watumishi mnapata sauti mkishapata kiinua mgongo?

Mstaafu wa Levolosi
Marahaba. Umenigusa pabaya, kijana, na nitakujibu. Niliandika dokezo kuhusu magari ya taka, kurasa nne, kwenye halmashauri moja ambayo siitaji. Nilieleza kwamba gari likiharibika klachi linakaa gereji miezi kwa sababu ya utaratibu wa manunuzi, na kwamba ushuru wa soko urudishe hata sehemu ndogo sokoni ulikotoka. Miezi miwili baadaye nilihamishwa, nikaacha watoto wawili shule. Usiniambie sikusema. Wewe hukuwepo.

Boda wa Kijenge
Nimekusikia mzee. Naomba radhi, sikujua.

Dada wa Njiro
Hapo kwenye uchaguzi wa meya pamenirudisha mbali. Kuna vijana humu hawajui kwamba Januari 5, 2011 watu watatu walikufa hapa mjini. Chanzo kilikuwa uchaguzi wa meya. Chadema, chama cha upinzani, walisema haukuwa halali, wakaandamana, polisi wakatumia risasi. Nilikuwa kidato cha pili, tulifungiwa darasani tukisikia milio. Miaka yote nilidhani kiti kile kina nguvu za ajabu, ndiyo maana watu walikifia. Leo mzee ananiambia ni joho na mkufu. Sijui nicheke au nilie, nadhani nalia.

Chugga Damu
Dada, siku ile hawakufia joho. Walifia kura yao.

Mdau wa Sakina
Kwanza Mama Sado, samahani. Niliandika kama mtu anayenunua nyanya kwa dirisha la gari, na kweli ndivyo ninavyonunua. Nafuta kauli.

Pili, mzee amenibadilishia swali. Nadhani tuulize hivi: kwa nini meya asichaguliwe na wananchi moja kwa moja, apewe na meno? Tumng'ate naye akituangusha.

Kijana wa Pasua
Hapo nakuunga mkono, ingawa ni wa Arusha.

Fundi Viatu Ngarenaro
Mimi sikubali. Meya wa kura moja kwa moja atakuwa mbunge wa pili. Kampeni, kofia, mziki, kisha haonekani. Mimi nimemwona kiongozi mmoja tu maishani niliyemwelewa, naye alikuwa mwenyekiti wa mtaa wetu wa zamani. Hakuwa na gari wala mshahara wa maana. Mtaro ukiziba alikuja na kandambili, anauliza nani ana jembe. Akiazima jembe langu, analirudisha limeoshwa. Kila miezi mitatu alisoma mapato na matumizi mbele ya watu, hata tukiwa kumi na wawili tu chini ya mwembe. Nikimsikia mtu anasema "maono" namkumbuka yule mzee na jembe langu lililooshwa.

Boda wa Kijenge
Wa kwetu tulimchagua Novemba 27, 2024. Mkutano wa mtaa sijausikia hata mmoja.

Fundi Viatu Ngarenaro
Umewahi kuuulizia?

Boda wa Kijenge
Fundi, nalala saa sita usiku, naamka saa kumi. Mkutano nauulizia saa ngapi?

Mama Sado
Mdau, samahani yako nimeipokea, ya moyoni nimeiona. Njoo siku moja ushuke kwenye gari, nitakuchagulia nyanya ngumu. Hayo ya kumchagua meya waachieni wenye nafasi, sheria haitabadilika kabla ya masika haya kuisha. Mzee wa Levolosi, shikamoo. Hicho kikao cha madiwani, mtu kama mimi naruhusiwa kuingia?

Mstaafu wa Levolosi
Marahaba mama. Baraza la madiwani ni la wazi. Linakaa kila baada ya miezi mitatu. Utakaa nyuma, utasikiliza, hutaruhusiwa kuzungumza. Lakini diwani wako akikuona umekaa pale na kopo lako la risiti mapajani, atazungumza yeye. Jambo hilo nililiona kwa macho mara mbili. Tarehe ataijua mtendaji wa kata.

Chugga Damu
Mama ukienda tuambie, tuje wengi.

Kijana wa Pasua
Hata sisi wa Moshi tunaweza kuja?

Chugga Damu
Njoo. Ufagio uache.

Mama Sado
Mtendaji nitampata kesho kabla ya saa mbili, vitunguu ananunua kwangu. Nitaleta tarehe hapa jioni.