Video za ushahidi kwenye simu yangu: niendelee kuzipokea?

msaidizi_kisauni: Hamjambo wakuu. Nasaidia watu kisheria huku mtaani Mombasa, kesi za kukamatwa ovyo na kipigo cha polisi. Tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, video zamiminika WhatsApp hata usiku wa manane. Juzi mama mmoja akaniuliza, "Wakikushika na hiyo simu, si watanijua ni mimi niliyepiga hiyo video?" Sikuwa na jibu. Na je, zafaa mahakamani, au nabeba mzigo wa bure?

karani_mstaafu: Zafaa, ila si kwa njia hiyo. Video ikipita WhatsApp kama video ya kawaida hubanwa, na taarifa zilizomo ndani ya faili, kama saa na mahali ilipopigwa, hupotea. Aitume kama dokumenti, au mkutane unakili kwa waya, naye asiifute ile ya asili. Kisha kuna kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: rekodi ya kielektroniki yataka cheti kinachoeleza ilivyotengenezwa na kifaa kilichotumika, kikiwa na sahihi ya anayehusika. Nimekaa rejista ya mahakama miaka mingi. Nimeona video ambayo ukumbi mzima ulishika pumzi ikapingwa kwa kukosa karatasi hiyo. Andika kwenye daftari nani alipiga, lini, nani alikupa, imepitia mikono ya nani.

mtoto_wa_bukavu: Huku kwetu Kongo picha za simu zimekwisha kutumika mahakamani. 2018 mahakama ya kijeshi hapa Bukavu iliwatia hatiani makamanda wawili wa FDLR, kundi la waasi wa Kinyarwanda, kwa mauaji ya raia kule Kamananga na Lumenje. Katika ushahidi mlikuwa na picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness. Inafunga saa na mahali pamoja na picha, inaiweka mbali na picha zako za kawaida, halafu unaituma kwenye hifadhi yao. Ukishatuma, unaweza kuifuta simuni.

zuhura_tek: Karani, daftari lenye majina kamili nalo ni hatari! Tumia alama, na ufunguo wa alama ukae nyumba nyingine. Mimi simu ndiyo inanitisha. 2025 Citizen Lab, watafiti wa usalama wa kidijitali wa Toronto, walisema wamekuta programu ya ujasusi, FlexiSPY, kwenye kifaa cha watengeneza filamu Wakenya kilichorudishwa baada ya kushikiliwa na polisi. Simu ikitoka kituoni, usiingie nayo tena kwenye kazi hii. Na zima kufungua kwa kidole, weka namba ndefu ya siri. Kidole mtu aweza kukushika mkono akakuwekea.

msaidizi_kisauni: Ahsanteni. Nikiziba sura ya mtu, si nitakuwa nimeharibu ushahidi?

karani_mstaafu: Ziba kwenye nakala ya kusambaza tu. Ya asili haiguswi.

zuhura_tek: Na sura haitoshi. Sikiliza sauti ya anayepiga, tazama rangi ya lango, kibao cha duka. Huyo mama kama alipigia dirishani kwake, pembe ya picha peke yake itawaonyesha nyumba. Ya kwake isiende mitandaoni kabisa. Iende IPOA, ile mamlaka huru ya kuchunguza polisi, au kwa wakili.

msaidizi_kisauni: Na zile za zamani zilizojaa humu, nizifute leo?

karani_mstaafu: Nakili kwanza kwenye diski mbili zilizofungwa kwa nywila, moja uikabidhi kwa wakili akutilie sahihi ya kuipokea. Ndipo ufute.