Ushauri: nimnunulie mdogo wangu miwani ya uhalisia pepe kwa ajili ya kiwewe?

DadaMkubwa: Wakuu, naomba ushauri. Namlea mdogo wangu wa kiume, ana miaka 16. Alinusurika kwenye ajali ya gari, rafiki yake akafia palepale. Tangu hapo hapandi gari bila kutetemeka, usiku anashtuka, na sasa ameanza kunywa. Anasema akinywa ndiyo kichwa kinatulia. Muuzaji mmoja ananiambia kuna miwani ya kompyuta, ukiivaa unaona picha kama uko mahali pengine kabisa, na ina programu ya kumrudisha barabarani akiwa chumbani kwake hadi hofu iishe. Nichukue?

Kete_Nyeusi: Chukua! Wangu anacheza mpira humo, raha tupu.

Nasaha77: Kete, wako anacheza, huyu anaumwa.

Dada, mimi ni mshauri wa vijana. Tiba hiyo ipo kweli. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya kutibu woga wa vimo kwa njia hiyo, baadaye ikatumika kwa askari waliopigana Vietnam na Iraq. Ila pale mtaalamu anakaa pembeni: anauliza hofu imefika wapi, anapunguza sauti na picha, anasimamisha ikizidi. Na waliochunguzwa wengi ni watu wazima. Kwa umri wa mdogo wako, yenye ushahidi mzito ni tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, mara nyingi vikao 12 hadi 16, na mlezi anashirikishwa. Ukimvalisha peke yake, atavua miwani moyo unamwenda mbio, na chupa anajua ilipo.

Mimi ningeitumia zaidi kwenye hiyo pombe. Kuna programu zinazomweka kijana kwenye sherehe ya kuigiza, mwenzake anamsukumia glasi, naye anakataa kwa sauti yake mwenyewe. Akishindwa, anarudia, hakuna wa kumcheka. Kuna pia za kupumua taratibu mwili utulie. Hizo hazimrudishi kwenye ajali. Hata hivyo ni nyongeza tu, matibabu yenyewe yabaki kwa mtaalamu.

FundiMitambo: Kama ana kifafa, muulizeni daktari kwanza. Kichefuchefu pia kipo, aanze na dakika chache akiwa ameketi.

DadaMkubwa: Asanteni. Kwa mtaalamu hataki, anasema yeye si kichaa.

Nasaha77: Usimtajie ajali. Mwambie mnakwenda kutafuta dawa ya usingizi huo mbovu, hilo halimtii aibu. Kikao cha kwanza hakuna atakayemlazimisha asimulie. Pombe usimgombeze akiwa amelewa, subiri asubuhi. Ila akisema bora angekufa yeye, usingoje miadi.

DadaMkubwa: Hilo amelisema juzi, akiwa amelewa.

Nasaha77: Basi mpeleke hospitali leo hii. Mpaka mfike asiachwe peke yake, na dawa zote na vitu vyenye makali viondoe alipo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Ya miwani yasubiri.

DadaMkubwa: Sawa. Namwamsha.