Tupeane uzoefu: uliyebadilisha kontroli boksi la pikapu, ilikuwaje?

Kamba Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa waliowahi kubadilisha ECM, kontroli boksi la injini, kwenye pikapu. Tuambie gari lilikuwa linafanya nini, mlijuaje kwamba ni boksi, na boksi jipya lilikubali vipi.

Naanza mimi. Pikapu yangu ni ya petroli, gia za mkono. Ilikuwa inazima injini ikishapata moto. Ukiiacha ikapoa, inawaka kama haijawahi kuumwa. Gereji ya kwanza wakabadilisha sensa ya kranki, wakaja pampu ya mafuta, wakaja relei, na gari likaendelea na tabia yake. Ukichomeka mashine ya kupimia ikiwa baridi, inasoma kila kitu. Ukichomeka ikiwa imezima, mashine haipati jibu lolote kutoka kwa injini, na boksi la ABS (la breki) linalalamika kwa kodi, yaani namba ya hitilafu, U0100: limepotezana na ECM.

Fundi umeme mmoja mtaratibu sana ndiye aliyemaliza ubishi. Alisubiri mpaka gari lizime lenyewe, ndipo akapima umeme unaoingia kwenye boksi: upo. Erthi: zipo. Lakini zile volti 5 ambazo boksi linatakiwa kuzigawia sensa hazikuwepo. Bado hakulilaumu boksi. Akachomoa sensa moja baada ya nyingine huku jicho likiwa kwenye mita, kwa sababu sensa moja ikipiga shoti inaweza kuziangusha volti 5 za sensa zote kwenye laini hiyo. Hazikurudi. Gari lilipopoa akaliwasha, akachukua mashine ya kukaushia nywele na kulipuliza boksi peke yake. Injini ikazima tumesimama tunaangalia. Kulifungua, lehemu ya mguu mmoja wa kipande kinachotengeneza hizo volti 5 ilikuwa na ufa mwembamba unaouona tu ukiinamisha taa.

Haya, karibuni.

Mzee wa Mita

Huyo fundi mpe heshima yake. Magari mengi yanayoletwa kwangu kwa "boksi limekufa" yana boksi zima.

Niongezee kwenye erthi, maana hapo ndipo watu wanapigwa. Mita kulia "piii" siyo kipimo cha erthi. Waya uliokatika nyuzi zote ukabaki uzi mmoja utaifanya mita ilie, lakini mkondo wa kuendesha nozeli na koili hautapita hapo. Weka ncha moja kwenye pini ya erthi ya boksi, boksi likiwa limechomekwa, ncha ya pili kwenye hasi ya betri, mtu apige stata. Ukiona zaidi ya kama volti 0.2, fuata huo waya.

Niliwahi kuletewa pikapu ambayo imeshajaribiwa maboksi mawili tofauti. Bolti ya erthi nyuma ya silinda hedi ilikuwa imefungwa juu ya rangi. Injini ilitoka kufanyiwa ovahoo, ikapigwa rangi nzuri kweli, na kituo cha erthi nacho kikapakwa. Msasa ukamaliza kazi.

Na kabla hujasema boksi haliongei, toa terminali ya betri upime ukinzani kati ya pini 6 na pini 14 kwenye soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine ya kupimia. Kwenye magari yanayotumia CAN, laini ya nyaya mbili ambayo maboksi huongelea, utakuta takriban ohm 60. Ukikuta 120, upande mmoja wa laini umekatika, na mara nyingi upande mmoja unaishia ndani ya ECM yenyewe. Ukikuta karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana mahali.

Tandiboi Mstaafu

Kwani wakuu, si unaazima boksi la pikapu ya mwenzako, unachomeka, likiwaka umejua?

Dada Dizeli

@Tandiboi, kwa pikapu za zamani zisizo na imobilaiza (kinga ya wizi inayozuia injini isiwake kwa funguo isiyojulikana), namba ya boksi ikiwa ileile hadi herufi za mwisho, inawezekana. Zenye imobilaiza boksi haliifahamu funguo yako. Stata itazunguka na haitawaka, au itawaka sekunde moja mbili na kuzima, halafu utasema na la mwenzako ni bovu.

Mimi langu lilikuwa dizeli ya komoni reli, yaani nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa na ECM ndiyo inazifungua. Maji yaliingia kwenye soketi ya boksi, pini zikaota kijani, mbili zikakatikia humo humo. Nikapata boksi la mtumba lenye namba ileile. Mjadala ukawa: lifundishwe funguo upya, au vilivyomo kwenye la zamani vihamishiwe humo? Fundi akachagua kuhamisha. Alisoma kumbukumbu ya boksi la zamani juu ya meza, akaiandika kwenye la pili, na funguo, namba ya chesisi na mipangilio yote ikaja pamoja. Gari likawaka siku hiyohiyo.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kodi za nozeli. Nozeli nyingi za komoni reli zina tarakimu na herufi zilizochorwa kichwani, kila moja na zake, kwa sababu hakuna nozeli mbili zinazopitisha mafuta sawasawa kabisa. ECM inatakiwa izijue. Rafiki yangu aliwekewa boksi tupu, likafundishwa funguo, kodi za nozeli hazikuingizwa. Gari lilitembea, lakini likiwa sailensa, yaani hujakanyaga mafuta, injini ilikuwa inagonga, na moshi unatoka ukikanyaga. Walitaka kushusha nozeli zote! Kodi zilipoingizwa kwa mpangilio wa silinda, kugonga kukatulia.

Kamba Mbili

@Dada Dizeli hapo kwenye nozeli umenifungua macho. Kwa hiyo kabla boksi halijatolewa, mtu apige picha vichwa vya nozeli?

Dada Dizeli

Naam, na kama boksi la zamani bado linaongea, mashine isome zilizomo uzihifadhi. Usiamini picha peke yake, huenda kuna nozeli ilibadilishwa zamani na hakuna aliyeingiza kodi yake.

Mbeba Mchanga

Langu lilikuwa silinda namba 3 haichomi. Wakapima wakaona boksi halitoi amri ya koili hiyo. Kweli, transista yake ilikuwa imeungua. Boksi jipya likafungwa, gari likapiga kazi kidogo, silinda ileile ikafa tena. Koili ilikuwa na shoti ndani na hakuna aliyeigusa. Iliua la kwanza ikaja kuua la pili. Gereji wakaniambia "boksi lilikuwa feki". Feki gani, silinda ni ileile!

Tangu hapo, boksi likisemwa limeungua, swali langu ni moja: limeunguzwa na nini? Koili, nozeli iliyopiga shoti, altaneta inayotoa volti kupita kiasi, mtu aliyechomelea bodi bila kutoa terminali za betri, kupigiana betri kwa kugeuza chanya na hasi. Kama jibu hakuna, boksi jipya libaki kwenye kasha lake.

Mpenda Otomatiki

Ya kwangu fupi. Kulikuwa na oili ndani ya soketi ya boksi. Boksi liko mbali na injini, tukashangaa imefikaje. Sensa ya kemshafti ilikuwa inavujisha, oili ikapanda ndani ya waya, katikati ya nyuzi na gamba lake, hadi mwisho wa safari. Soketi ilisafishwa, sensa na waya wake vikabadilishwa, boksi ni lilelile mpaka leo.

Mzee wa Mita

@Mpenda Otomatiki hiyo ninaijua. Ukifuta soketi bila kubadilisha waya, oili inarudi.

@Mbeba Mchanga sahihi kabisa. Mimi natia neno moja tu kwenye kuprogramu: betri ya gari peke yake haitoshi. Swichi iko on muda wote, feni inaweza kujiwasha, volti zinashuka, na uandishi ukikatikia katikati unaweza kubaki na boksi lisiloitika kabisa. Weka pawasaplai imara ya kushikilia volti, siyo chaja ya kawaida inayopanda na kushuka. Na ukiona P0601 au P0606, ndizo kodi zinazolinyooshea kidole boksi lenyewe, lakini pima betri kwanza, zifute, uone kama zinarudi.

Tandiboi Mstaafu

Nimeelewa, sitaazima tena 😅. Sasa la zamani likishatolewa, si takataka?

Mzee wa Mita

Hapana mkuu, usilitupe wala usiliache gereji. Boksi lisilowasha injini linaweza kuwa bado na kumbukumbu nzima, na chipu yake husomwa hata ikibidi kung'olewa kwenye bodi. Humo ndimo zilimo funguo zako. Halafu mengine yanatengenezeka: maboksi ya miaka ya 1990 mengi huharibiwa na kapasita zinazovujisha maji yake na kula njia za shaba. Fungua kifuniko unuse, ukisikia harufu ya samaki umepata mgonjwa wako. Kapasita zikibadilishwa mapema, kabla njia hazijaliwa, boksi hurudi kazini bila kuprogramiwa chochote.

Kamba Mbili

Langu limo kwenye mfuko kabatini, na nimeliandikia namba ya chesisi kwa kalamu ya rangi. Mwenye kisa cha pikapu ya otomatiki ambayo boksi la injini na la gia ni kitu kimoja, aje atusimulie, hapo bado hatujagusa.