Kasha la betri lenye kipimo chake: ninunue, au kopo na mita vinatosha?

Mgosi wa Chumbageni
Habari za jioni wakuu. Jamaa yangu anarudi kutoka Dubai na ameniuliza aniletee nini. Nimeyaona yale makasha ya plastiki ya kupangia betri, mfuniko wake unaona mpaka ndani, na pembeni kuna kipimo chenye mshale. Kuna dogo na kuna lile la betri 93. Shemeji yangu anasema huo ni ushamba, nichukue mita ya fundi ya kupimia umeme na betri nizitie kwenye kopo. Kipi bora? Anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Fundi wa Barabara ya Nane
Swali umelileta nusu, mkuu. Betri za nini? Ukubwa gani? Za kutupa au za kuchaji? Mtu mwenye rimoti mbili na saa ya ukutani hana shida na kasha la betri 93. Kulijaza tu ni gharama kuliko kasha lenyewe.

Mvuvi Msomi
Na bei hujasema. Watu wa Tanga bwana, tunaulizana ushauri wa kununua kitu na bei tunaificha.

Mgosi wa Chumbageni
Samahanini. Za kutupa, zile za kawaida, mchanganyiko. Lile kubwa kama 45,000 kwa hela yetu.

Fundi wa Barabara ya Nane
"Za kawaida" ndiyo zipi, mgosi? Madukani ziko za aina mbili na watu wanazichanganya kila siku. Soma ubavuni. Ikiandikwa LR6 hiyo ni alkalini, ikiandikwa R6 bila L hiyo ni ya kaboni na zinki. Zote ni AA, zote volti 1.5. Ya kaboni ni rahisi, na kwa rimoti au saa inakufaa kabisa. Itie kwenye kitu kinachovuta umeme mwingi uone inavyokata roho. Halafu ya alkalini ikikaa kabatini bila kutumika inaweza kumaliza hata miaka kumi, ya kaboni haifiki huko. Kwa hiyo kabla hujaniuliza kasha, niambie unaweka akiba gani.

Bint Pongwe
Mimi ninalo hilo kubwa, nilinunua Kariakoo, na simuazimi mtu. Kila saizi ina kitako chake: AA, AAA, zile kubwa za tochi, za mraba za volti 9, mpaka kimfuko cha zile bapa za saa. Kipimo kinachomoka, unakwenda nacho mpaka kwenye kifaa. Chenyewe hakili betri, mshale unasukumwa na betri unayoipima. Kijani nzuri, njano inaelekea mwisho, nyekundu tupa. Zamani kwangu ukitaka betri ya rimoti unafungua madroo matatu na unaondoka na betri ambayo hujui ni mpya au ni ile uliyoitoa juzi kwenye tochi. Sasa hakuna hayo. Kasoro moja: vitako vya betri kubwa kwangu viko vitupu, siku hizi nani ana tochi ya betri kubwa? Nimetia uzi na sindano.

Mvuvi Msomi
Haya, 45,000 ya kuwekea sindano.

Bint Pongwe
Kaka, wewe lala na betri zako mfukoni, mimi nishapanga zangu.

Chuma cha Pua
Mnahangaika bure. Iangushe betri mezani kwa kitako. Ikiruka imekufa, ikisimama tuli ni nzima. Kipimo bure, hakina Dubai.

Fundi wa Barabara ya Nane
Kwa alkalini kuna ukweli ndani yake, ila si huo wote. Mle ndani kuna zinki laini kama uji, inapotumika inageuka kuwa oksaidi ya zinki na kukakamaa, ndiyo maana inaruka. Lakini mwaka 2015 watu wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliipima hiyo mirukoruko: inaongezeka mpaka betri inapofika kama nusu, kisha inabaki hapohapo. Kwa hiyo betri inayoruka inakwambia tu kwamba si mpya. Unaweza kutupa nusu nzima ya hela yako.

Sasa turudi kwenye mita, maana shemeji yake mleta uzi kasema jambo. Mita peke yake inadanganya. Betri iliyochoka ukiipima ikiwa haifanyi kazi inaonyesha 1.4 bila aibu. Ipe mzigo uone. Chukua rezista ya omu 10, kile kidude kinachozuia umeme, iguse kwenye vichwa vyote viwili vya betri, pima hapohapo ikiwa imegusa. AA nzima itashuka kidogo tu. Iliyochoka itaporomoka mbele ya macho yako. Usiishikilie muda mrefu. Kipimo cha kasha kina mzigo wake ndani, kwa hilo kinaishinda mita iliyo tupu. Ila mzigo wake ni mdogo, ndiyo maana kinaweza kukupa kijani na kifaa chenye kiu kikagoma.

Mgosi wa Chumbageni
Ahaa. Basi hapo ndipo penyewe. Sikusema mwanzo, kilichonifanya niwaze haya yote ni mashine ya presha ya mama. Inakula AA nne. Ikianza kujaza upepo inafika katikati inazima, mama anapandwa na presha ya mashine badala ya presha yake. Nikitoa betri nikazitia kwenye redio, zinaimba vizuri tu.

Fundi wa Barabara ya Nane
Mgosi!! Hilo ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza. Pampu ya ile mashine inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, redio inakunywa kidogokidogo. Weka alkalini nne, zote mpya, zote za aina moja. Usiweke mpya mbili na za zamani mbili, zenye nguvu zitazilazimisha dhaifu na hizo dhaifu ndizo zinazovuja. Zikigoma kwenye presha usizitupe, zihamishie rimoti, zikigoma rimoti zipeleke saa ya ukutani. Saa ndiyo masikini wa mwisho, inaridhika na makombo.

Dokta Mitaani (si daktari, ni jina tu)
Mbona hakuna aliyetaja za kuchaji? Chukua NiMH nne na chaja yake, umemaliza habari ya kasha, habari ya kipimo, habari ya kutupa. Wenzetu wamehama zamani.

Bint Pongwe
Za kuchaji ni volti 1.2. Ukiiweka kwenye kipimo cha kasha inakuonyesha njano wakati umeichaji asubuhi. Mimi ilinichanganya mpaka nikaambiwa.

Dokta Mitaani
Kosa la kipimo hilo, si la betri. Inakaa hapo 1.2 karibu mpaka mwisho.

Mama Raskazone
Jamani kabla hamjamwambia mtu aweke kwenye kopo, nisikilizeni kwanza. Kwangu nilikuwa na kopo la biskuti, lile la bati, kila kitu humo: betri, funguo zisizojulikana za wapi, sarafu, risiti za LUKU, na watoto wakatia humo kipande cha stili waya ya kusugulia sufuria. Ilikuwa Ramadhani, tunasubiri adhana, niko jikoni nakaanga kachori. Nikasikia harufu ya plastiki. Nikadhani ni waya wa feni. Nikazima feni, harufu ipo. Nikazima sakiti yote, harufu ipo. Mwanangu mkubwa akavuta droo la kabati la tivii, moshi huo ukatoka. Kopo lilikuwa la moto hata hushiki, tulilitoa kwa kitambaa cha sufuria tukalimwaga uani kwenye mchanga. Risiti zimekauka kahawia pembezoni, ile stili waya imebaki majivu mekundu, na sarafu ya 200 imeng'ang'ania kwenye ile betri ya mraba, ile ya maikrofoni ya maulidi. Ile betri vichwa vyake viwili viko upande mmoja, kitu chochote cha chuma kikilala juu yake basi. Tulifuturu saa mbili usiku. Baba yao aliniuliza kachori zimeungua vipi, nikamwambia akaangalie uani.

Kwa hiyo kasha au si kasha hainihusu. Lakini ile ya mraba ifunike vichwa na selotepu, na isikae na chuma.

Mvuvi Msomi
Pole sana mama. Hiyo ya sarafu sikuijua, na betri za mraba ninazo mbili kwenye boksi la ndoana.

Fundi wa Barabara ya Nane
Zitoe leo leo. Kwa kitako cha kasha ile ya mraba inasimama peke yake, hapo nawapa alama wenye kasha.

Ila na mimi niwatahadharishe kuhusu hicho kimfuko cha betri bapa. Mfuniko wa kasha si wa kufuli. Mtoto akimeza ile ya CR2032 ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili tu, hata ikiwa imechoka. Usimtapishe, usisubiri atoe haja, nenda hospitali ya Bombo moja kwa moja. Mwenye watoto wadogo betri bapa zikae kwenye pakiti yake, juu ya kabati.

Mzee wa Karabai
Vijana, mimi nimekuwa nikiwasoma tu. Sisi betri za National zilikuwa zinatengenezwa hapohapo Dar, na zikichoka tunaanika juu ya bati asubuhi, jioni tunasikiliza mpira wa Coastal mpaka dakika ya mwisho. Nani alikuwa na kipimo?

Chuma cha Pua
Shikamoo mzee. Na wengine walikuwa wanazing'ata!

Mzee wa Karabai
Marahaba. Kung'ata ni kwa asiye na bati.

Fundi wa Barabara ya Nane
Shikamoo mzee wangu. Juani inazinduka kweli, joto linaharakisha kazi ya dawa ndani, lakini ni ya saa chache, kisha inavuja haraka zaidi. Redio ngapi zinaletwa kibandani kwangu springi zimeliwa, unga mweupe umejaa. Kama ni alkalini ule unga unasuguliwa kwa siki kidogo, au ndimu. Na hapa pwani chumvi ya hewa peke yake inatosha kutia kutu springi, sembuse na betri iliyovuja.

Mvuvi Msomi
Basi ziwekwe kwenye friji.

Fundi wa Barabara ya Nane
Hapana. Ukizitoa zinatoka jasho, maji juu ya vichwa, kutu. Kabati lenye kivuli linatosha, mbali na jiko.

Bint Pongwe
Na zilizokufa mnapeleka wapi? Mimi nimejaza mfuko wa rambo.

Chuma cha Pua
Chooni. Cha shimo. Nyumba yetu yote tulifanya hivyo.

Dokta Mitaani
Na kisima kiko umbali gani na hilo shimo?

Chuma cha Pua
Usinianzishie.

Mwalimu wa Makorora
Zamani shule hatukutupa hata moja. Zile za kaboni ukizipasua unapata unga mweusi, unachanganya na maji, unapaka ubao wa darasa. Darasa la nne ndiyo ilikuwa kazi yao, wanarudi nyumbani kama wachoma mkaa. Siwashauri leo, ule unga si wa kuvuta puani.

Mzee wa Karabai
Na kile kijiti cha katikati tulichorea barabarani.

Mgosi wa Chumbageni
Wakuu, nawashukuru. Jamaa kaniambia begi lina kilo chache, lile kubwa halitoshi, labda dogo. Shemeji naye ameshaleta mita yake mezani anataka nimpe rezista. Hiyo ya omu 10 inauzwa wapi mjini?

Fundi wa Barabara ya Nane
Pita kibandani nikupe, zinatoka kwenye redio mbovu. Robo wati inatosha kwa AA.

Mama Raskazone
Fundi, na mizani yangu ya duka inayozima kila nikipima sukari, nayo ni ya kuletwa?

Fundi wa Barabara ya Nane
Hiyo ina betri ya kuchaji kwa ndani, mama. Ilete Jumatatu, na chaja yake.