Naomba ushauri: saa ya kuhesabu hatua inasaidia kweli?

Habari zenu wakuu. Mume wangu ana presha, na daktari kamwambia atembee zaidi. Sasa anataka tununue saa janja ya kupima hatua, mapigo ya moyo na usingizi. Mimi nasita.

Nimesoma kwamba lile lengo la hatua 10,000 kwa siku lilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si agizo la madaktari. Tena utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh uliotoka 2016 ulifuatilia vijana waliokuwa wakipunguza uzito kwa miaka 2: waliopewa vifaa vya kuvaa walipungua wastani wa kilo 3.5, wasiopewa kilo 5.9! Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu.

Dada yangu anayo, na kutembea anatembea. Usiku utamkuta anazunguka meza akimalizia hatua zake. Ila akiamka mzima wa afya, saa ikimwambia kalala vibaya, basi kutwa nzima analalamika uchovu. Makubwa haya!

Mliovaa zaidi ya mwaka, mmebadilika kweli au iliishia kabatini? Na kwa mwenye presha, si bora hela hiyo tununue mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga mkononi?