Siena mbichi na siena iliyochomwa: je, ni udongo mmoja?

Mchoraji wa Umoja:
Habari zenu. Mimi huchora sura za watu kwa rangi za mafuta, na tyubu inayoniishia mapema kuliko zote ni ya siena iliyochomwa, kwa kuwa bila hiyo siupati wekundu uliojificha ndani ya ngozi nyeusi. Juzi nilikamua siena mbichi kwa makosa, ikatoka rangi ya manjano iliyokolea kama asali. Naomba kueleweshwa kama hizi ni rangi mbili au moja, na kama ninaweza kuchoma udongo wa kwetu Kiambu nikapata siena yangu mwenyewe.

Mkemia Mstaafu:
Ndugu, huo ni udongo mmoja, uliopewa jina la mji wa Siena nchini Italia. Rangi yake inatokana na goethiti, ambayo ni madini ya chuma yaliyofungamana na maji ndani ya punje yenyewe, pamoja na manganizi kidogo. Manganizi ikizidi, udongo huwa mweusi zaidi na huitwa amba. Ukiupasha moto hadi nyuzi 300 hivi, maji yale yaliyofungwa hutoka, goethiti hugeuka hematiti, yaani madini mekundu ya chuma yasiyo na maji, na umanjano hugeuka wekundu. Kwa hiyo, ijapokuwa tunasema umechomwa, hakuna kinachoungua.

Udongo wa Kiambu tayari una hematiti, ndiyo maana ni mwekundu, na moto hautaubadilisha sana. Tafuta wa manjano. Ukoroge katika maji, acha mchanga utuame, mimina tope jepesi katika chombo kingine, kisha ukikauka uponde na kuuchekecha. Tafadhali funika pua na mdomo, kwa sababu vumbi la manganizi lina madhara. Soma pia maandishi madogo ya tyubu yako: PBr7 ni udongo wa asili, na PR101 kwa kawaida ni oksidi ya chuma ya kiwandani.

Mjukuu wa Seremala:
Naongeza jambo la lugha. Babu yangu alikuwa akichovya uzi katika ngeu, ule udongo mwekundu wa maseremala, anaukaza juu ya ubao, anaunyanyua kwa vidole viwili na kuuachia, nao unaacha mstari mwekundu ulionyooka wa kufuata kwa msumeno. Kwa nini tusiseme ngeu badala ya siena?

Mkemia Mstaafu:
Neno ngeu ninalipenda mno, ila nadhani tuliache kwa udongo mwekundu kwa jumla, ule ambao Wamaasai huuchanganya na mafuta wakajipaka. Hapo Olorgesailie, eneo la mabaki ya kale nchini Kenya kwenye barabara ya Magadi, watafiti walieleza mwaka 2018 kwamba watu walikuwa wakitumia mawe ya rangi ya aina hiyo yapata miaka 300,000 iliyopita. Siena ni ya manjano kabla ya moto, na tofauti hiyo mchoraji anaihitaji.

Mchoraji wa Umoja:
Ahsanteni, wazee wangu. Nimepata udongo wa manjano kidogo, nikauweka kwenye kikaango kikuukuu juu ya jiko la makaa. Ulianza kuwa mwekundu chini, na kila nilipougeuza kwa kijiko manjano ilipungua, hadi ukafanana kabisa na tyubu yangu. Kesho nitausaga na mafuta ya kitani.